Kushika COBOL au Fortran leo: kazi ya kukubali na kazi ya kukimbia

Mtu ana miaka miwili mitatu ya Python au JavaScript, ameitwa kwenye usaili, na katikati ya mazungumzo anadokezewa kwamba mfumo wenyewe umeandikwa kwa COBOL, lugha ya zamani ya mifumo ya kibiashara. Hapo wasiwasi unaanza. Nikiingia huko nitatoka? Nikitoka, kuna atakayeniajiri?

Umri wa lugha, kwa maoni yangu, hausemi mengi. Python ilitoka mwaka 1991, kwa hiyo imeitangulia Java na JavaScript, zote za 1995, na sijasikia mtu akiiita ya kizamani. C ni ya 1972 na mpaka leo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa kabisa ya kiini cha Linux. COBOL ilianza kupangwa 1959, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya kwanza ya Fortran ilitolewa na IBM mwaka 1957, na zote mbili zilipata toleo jipya la kiwango cha kimataifa mwaka 2023. Maiti haitungiwi kanuni mpya.

Ninachopima mimi ni hiki: msimbo huo unabadilishwa mara ngapi? Msimbo unaoguswa kila mwezi una bajeti, una watu wa kuuliza, na una njia iliyozoeleka ya kupeleka mabadiliko. Ule ambao haujaguswa kwa miaka sita una hofu tu. Utapewa ulinzi wa kitu ambacho kila mtu anaogopa kukisogelea, na siku kikianguka lawama ni zako.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza. Mwezi uliopita mabadiliko mangapi yaliingia kwenye mfumo unaohudumia wateja? Wakikutajia idadi bila kusita, vizuri. Wakikuambia "huo hatuugusi", umeshajibiwa.

Uliza pia kama chanzo chote, yaani msimbo ulioandikwa na watu, kipo na kama kinalingana na programu inayoendeshwa. Hili ndilo swali ambalo wageni hawalijui. Kwenye mifumo ya siku nyingi, programu iliyokompailiwa inaweza kuwa na tarehe mpya kuliko chanzo kilichohifadhiwa. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyerekebisha nakala yake pembeni, akakompaili, na asirudishe chanzo mahali pake. Ukirekebisha chanzo rasmi na kukompaili upya, unafuta marekebisho yake bila kujua, na hitilafu aliyoiondoa yeye miaka minane iliyopita inarudi ikiwa na jina lako.

Tatu, toleo la kompaila. Waliohama kutoka Enterprise COBOL 4 kwenda 6, kompaila ya IBM, kwenye meinfremu zake (zile kompyuta kubwa za benki na serikali) wamekutana na jambo hili: data mbovu iliyokuwa ikipita kimya kwenye kompaila ya zamani inaweza kutoa matokeo tofauti kwenye mpya, hata kama hakuna mstari uliobadilishwa. Kama kampuni bado haijahama, kazi hiyo inakungoja. Si sababu ya kukataa, ila ni sababu ya kuijumlisha kwenye mshahara.

Nne, mazingira ya majaribio yana data ya namna gani. "Tunajaribu kwa rekodi ishirini" ni jibu baya sana, na huko chini itaonekana kwa nini.

Sintaksia ni wiki mbili, data ni mwaka

Anayejua lugha moja vizuri atasoma COBOL ya kawaida baada ya wiki mbili. Inasomeka karibu kama Kiingereza, haina mambo mengi ya kufichaficha, na programu nyingi za kibiashara zinafanya jambo moja: soma rekodi, linganisha, kokotoa, andika rekodi. Kinachochukua muda ni namna data inavyokaa ndani ya baiti. Programu nzima ni hii:

```
       IDENTIFICATION DIVISION.
       PROGRAM-ID. RIBA.
       DATA DIVISION.
       WORKING-STORAGE SECTION.
       01  WS-SALIO    PIC S9(7)V99 COMP-3 VALUE 1250.75.
       01  WS-RIBA     PIC S9(3)V99 COMP-3 VALUE 0.
       01  WS-ONYESHO  PIC ZZZ,ZZ9.99.
       PROCEDURE DIVISION.
           COMPUTE WS-RIBA ROUNDED = WS-SALIO * 0.035
             ON SIZE ERROR DISPLAY "NAFASI HAITOSHI"
           END-COMPUTE
           MOVE WS-RIBA TO WS-ONYESHO
           DISPLAY "RIBA: " WS-ONYESHO
           STOP RUN.
```

Tazama mstari wa WS-SALIO. S ni alama ya chanya au hasi, 9(7) ni tarakimu saba, V ni mahali pa nukta, 99 ni tarakimu mbili za senti. Nukta yenyewe haihifadhiwi popote; V ni makubaliano tu. COMP-3 inasema tarakimu zifungashwe mbili kwa kila baiti, na nusu baiti ya mwisho ibebe alama: C kwa chanya, D kwa hasi, F kwa namba isiyo na alama. Tarakimu tisa na alama moja ni nusu baiti kumi, yaani baiti 5. Kwa hiyo 1250.75 inakaa hivi kwa heksadesimali:

```
00 01 25 07 5C
```

Inasomeka kwa macho. Na kwa sababu ni tarakimu za kumi halisi, hakuna ule mchezo wa Python unaojulikana, ambapo 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Mifumo ya pesa imeng'ang'ania lugha hii kwa sababu hiyo pia, si uvivu wa kuhama peke yake.

Riba hapo ni 43.77625. Ukiweka ROUNDED unapata 43.78. Ukiiondoa unapata 43.77, kwa maana COBOL ikiachwa yenyewe hukata, haikadirishi. Sasa badilisha salio liwe 40000 na ufute ule mstari wa ON SIZE ERROR. Riba sahihi ni 1400.00, lakini uga, yaani sehemu inayohifadhi thamani hiyo, una nafasi ya tarakimu tatu tu kabla ya nukta. Utaonyeshwa 400.00. Hakuna onyo wala programu kusimama. Elfu moja imekatwa upande wa kushoto na kazi inaendelea. MOVE nayo ina tabia hiyo hiyo: ukihamisha 12345 kwenda uga wa PIC 9(3) unabaki na 345. Anayetoka kwenye lugha zinazorusha hitilafu kwa kila kitu hulizoea hili kwa machungu.

Pale mambo yanapoharibika

Kosa maarufu kuliko yote kwenye meinfremu linaitwa S0C7. Programu imesimama kwa sababu imeambiwa ifanye hesabu na kitu kisicho namba. Mara nyingi chanzo chake ni hiki: mtu ameandika MOVE SPACES kwenye rekodi nzima ili kuisafisha. Kwenye EBCDIC, ambao ndio mfumo wa herufi wa meinfremu, nafasi tupu ni baiti 40. Uga wa salio sasa una 40 40 40 40 40. Nusu baiti ya mwisho ni 0, na 0 si alama. Ukijaribu kujumlisha, mashine inagoma.

Namna ya kuitafuta haibadiliki sana. Chukua ofseti (umbali kwa baiti kutoka mwanzo wa programu) ya mahali programu iliposimama kwenye ripoti ya kuanguka, ilinganishe na orodha iliyotolewa wakati wa kukompaili, upate sentensi yenyewe. Tazama nyuga zilizotajwa kwenye sentensi hiyo. Kisha ifungue rekodi iliyokuwa ikisomwa na uandike HEX ON kwenye ISPF, kihariri cha meinfremu, uone baiti zake. Ukiona 40 mfululizo, usikimbilie kutia kiraka hapo programu ilipoanguka. Nenda kwa programu iliyoiandika rekodi hiyo. Huko ndiko MOVE SPACES ilipo, na dawa yake ni INITIALIZE, ambayo huweka sifuri kwenye nyuga za namba na nafasi tupu kwenye nyuga za herufi. Kama rekodi inatoka nje ya uwezo wako, pima kwanza kwa IF WS-SALIO IS NUMERIC. Hapo ndipo rekodi ishirini za majaribio zinapokuangusha: rekodi mbovu ni moja kati ya malaki, na hizo ishirini zote ni safi.

Nukta ya kumalizia sentensi ni mtego mwingine. Kabla ya kiwango cha 1985 hapakuwa na END-IF, kwa hiyo nukta ndiyo iliyofunga IF. Msimbo wa kale umejaa hii:

```
           IF WS-UMRI > 60
               MOVE "N" TO WS-ADA.
               ADD 1 TO WS-IDADI
```

Ujongezaji unakudanganya. IF imeisha kwenye nukta, na ADD inatekelezwa kwa kila mtu. Kinyume chake nacho hutokea: mtu anafuta nukta moja akidhani ni pambo, na sentensi kumi zinazofuata zinaingia ndani ya IF. Ukirekebisha programu ya namna hii, weka END-IF na ubakize nukta moja tu mwisho wa kila aya.

Halafu kuna safuwima. Kwenye muundo wa kale safuwima 1 hadi 6 ni za namba za mistari, ya 7 ni ya alama kama nyota ya maelezo, 8 hadi 11 ni eneo A, 12 hadi 72 ni eneo B, na chochote kilichoandikwa baada ya 72 kompaila haikioni. Fikiria namba 1000 ambayo sifuri zake mbili za mwisho zimevuka ukingo huo. Imekuwa 10, na programu inakompaili vizuri kabisa. Weka mstari wa wima kwenye kihariri chako, safuwima ya 72, siku ya kwanza kazini.

Lugha yenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni JCL, ile lugha ya kuelezea kazi za bachi (programu zinazoendeshwa kwa mfululizo bila mtu kuzisimamia), na mimi siipendi. Mfano: COND=(4,LT) kwenye hatua fulani inamaanisha hatua *irukwe* kama 4 ni ndogo kuliko msimbo uliorudishwa na hatua ya nyuma. Umesoma mara mbili? Kila mtu husoma mara mbili. Kwenye kazi mpya tumia IF/THEN/ELSE ya JCL, ila COND lazima uijue kwa kuwa utaikuta kila mahali.

Fortran ni shamba lingine

Anayefanya sayansi, uhandisi au hali ya hewa atakutana na Fortran, wala hatakutana na meinfremu. Mara nyingi ameshaitumia bila kujua. LAPACK, maktaba ya aljebra ya mistari iliyotolewa kwanza mwaka 1992, imeandikwa kwa Fortran, na hesabu za matrisi za NumPy na SciPy zinapita kwenye LAPACK au jamaa zake. WRF, modeli ya hali ya hewa inayotumika sehemu nyingi za dunia, kwa sehemu kubwa ni Fortran. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hapa ningemshauri mtu aingie bila kusita sana, kwa sababu Fortran ya leo ni lugha safi. Tangu Fortran 90 hakuna habari za safuwima, safu zinajumlishwa kwa mstari mmoja, na kompaila ya gfortran haina malipo. Mitego yake ni michache, ila ni mibaya.

Wa kwanza ni aina za vigeu zinazokisiwa. Usipotangaza kigeu, jina linaloanza na I hadi N ni namba kamili, mengine yote ni namba halisi. Ukikosea herufi moja ya jina, kigeu kipya kinazaliwa kimyakimya. Kwenye muundo wa kale ni vibaya zaidi kwa kuwa nafasi tupu hazihesabiwi: DO 10 I = 1,10 ni mzunguko wa mara kumi, lakini DO 10 I = 1.10, ukibonyeza nukta badala ya mkato, inageuka kuwa kigeu kiitwacho DO10I kinachopewa thamani 1.10. Mzunguko umetoweka. Andika implicit none mwanzoni mwa kila programu, moduli au subrutini inayosimama peke yake, bila mjadala.

Wa pili ni namba zenyewe. 1/2 ni 0, kwa sababu ni namba kamili zote mbili. Na ukiandika real(8) :: a = 0.1, utapata 0.10000000149011612, maana 0.1 imesomwa kwanza kwa usahihi mdogo ndipo ikapanuliwa. Andika 0.1d0.

Wa tatu ni mpangilio wa kumbukumbu. Fortran hupanga matrisi kwa safuwima, C na NumPy kwa kawaida hupanga kwa mistari. Kwa hiyo mzunguko wa ndani kabisa uwe wa faharasa ya kwanza, a(i,j) na i ndani. Ukigeuza, jibu ni lile lile, ila kwenye matrisi kubwa kasi inashuka mno kwa kuwa kila hatua inaruka mbali kwenye kumbukumbu.

Wakati wa kutafuta kosa, kompaili kwa `gfortran -g -Wall -fcheck=all`. Chaguo la mwisho linakamata faharasa iliyovuka ukingo wa safu, jambo ambalo kwa kawaida huwa linaharibu kigeu cha jirani na kukuonyesha kosa sehemu isiyohusika. Kosa likiisha, liondoe chaguo hilo, linapunguza kasi. Na usitarajie tarakimu za mwisho zilingane ukibadilisha kompaila au kiwango cha uboreshaji. Kubaliana na wanasayansi mapema ni tofauti kiasi gani inavumilika, la sivyo utatafuta kosa lisilokuwepo.

Kazi nzuri iko mpakani

Ukiniuliza pesa na maarifa yapo wapi, nitakuambia hayapo kwa anayeandika COBOL mpya mchana kutwa. Yapo kwa anayeelewa pande mbili: mfumo wa zamani na ule unaozungumza nao. Kampuni zinataka kutoa data kwenye meinfremu, kuiweka nyuma ya API, au kuhamisha kipande kimojakimoja. Watu wa upande mpya hawajui COMP-3, wa upande wa zamani hawataki kusikia habari za JSON. Anayekaa katikati ana kazi.

Tuchukue zile baiti tano za 1250.75. Mtu analihamisha faili kwenda Linux kwa njia ya maandishi, na programu ya kuhamisha, kwa nia njema, inageuza kila baiti kutoka EBCDIC kwenda ASCII, mfumo wa herufi wa kompyuta za kawaida. Baiti 25 ya EBCDIC ni alama ya mstari mpya, inageuka 0A. 07 inageuka 7F. 5C ni nyota, inageuka 2A. Kilichokuwa 00 01 25 07 5C sasa ni 00 01 0A 7F 2A: salio limeharibika na rekodi imekatwa vipande viwili katikati. Faili la namna hii lihamishwe kwa njia ya baiti ghafi, kisha nyuga za herufi ndizo zigeuzwe, kimoja kimoja, kwa kufuata kopibuku, lile faili linaloeleza muundo wa rekodi. Kwa upande wa Python, uga uliofungashwa unafunguliwa hivi:

```
from decimal import Decimal

def fungua(baiti, desimali):
    h = baiti.hex()
    if h[-1] not in "abcdef":
        raise ValueError("alama haipo: " + h)
    n = int(h[:-1])
    if h[-1] in "bd":
        n = -n
    return Decimal(n).scaleb(-desimali)
```

Ule ukaguzi wa alama usiufute ukidhani ni urembo. Bila huo, uga uliojaa nafasi tupu za EBCDIC unafunguka vizuri tu na kukupa salio la 4,040,404.04. Meinfremu ingegoma, Python inampa mteja milioni nne.

Ukadirishaji nao huwaumbua wengi. ROUNDED ya COBOL, isipoelekezwa vingine, hupeleka nusu mbali na sifuri: 2.5 inakuwa 3. Python, round(2.5) ni 2, na Decimal nayo kwa kawaida hupeleka nusu kwenye tarakimu shufwa. Taja ROUND_HALF_UP waziwazi. Pia mpangilio wa herufi: kwenye ASCII tarakimu zinatangulia, zikifuatiwa na herufi kubwa, kisha ndogo. Kwenye EBCDIC ni kinyume, ndogo, kubwa, halafu tarakimu. Faili lililopangwa upande mmoja halijapangwa upande wa pili, na programu inayounganisha mafaili mawili yaliyopangwa itaruka wateja bila kulalamika.

Hayo ndiyo yanayoangusha miradi ya kuandika upya. Tafsiri ya mashine kutoka COBOL kwenda Java inawezekana, ila mara nyingi kinachotoka ni kile wanachokiita kwa dhihaka JOBOL: Java yenye mwili wa Java na roho ya COBOL, ambayo wa Java hawaielewi na wa COBOL hawawezi kuisoma. Njia ninayoiamini ni ya polepole. Chagua kipande kimoja, endesha wa zamani na mpya sambamba kwa data ile ile, linganisha matokeo baiti kwa baiti, na usizime wa zamani kabla hujapita mwisho wa mwezi, mwisho wa mwaka na tarehe 29 Februari, hata kama hiyo ya mwisho ni ya kuigiza. Tofauti ya senti moja ifuatiliwe mpaka ijulikane imetoka wapi. Nyuma ya senti hiyo mara nyingi kuna sheria ya biashara ambayo haijaandikwa popote isipokuwa kwenye msimbo.

Za kukimbia

Python 2 ilikoma rasmi tarehe 1 Januari 2020. Flash, pamoja na ActionScript yake kwenye vivinjari, ilifikia mwisho 31 Desemba 2020. Kazi kwenye hizi ni ya kuhama tu, ikubali kama mkataba wenye tarehe ya mwisho. Visual Basic 6 iko njia panda: Microsoft waliacha kuhudumia mazingira yake ya uandishi mwaka 2008, ila programu zilizoandikwa kwayo bado zinaendeshwa kwenye Windows. Ingia kama mwajiri ana mpango wa kutoka. Asipokuwa nao, utakuwa mlinzi wa makaburi.

Hata kwenye COBOL yenye afya kuna sharti moja: waajiri ni wachache na wengi ni wa aina moja, benki, bima, serikali. Soko jembamba linalipa vizuri linapokuhitaji na linakubana linapokuchoka. Usiiache ile lugha yako nyingine ipate kutu. Dai kwenye mkataba sehemu ya kazi iwe ya upande mpya, japo theluthi. Na kama ndiyo unaanza kabisa kuprogramu, COBOL isiwe lugha yako ya kwanza. Si kwamba ni ngumu. Utajifunza tabia zake, vigeu vyote kuonekana na programu nzima na aya kurukiana kwa GO TO, kabla ya kujua kwamba kuna njia nyingine.

Kuonja kabla ya kuamua

Huhitaji meinfremu. Kwenye Debian au Ubuntu andika `sudo apt install gnucobol`. Kompaila hii hugeuza COBOL kuwa C, kisha C kuwa programu. Hifadhi ule mfano wa riba kama riba.cob, ukiacha nafasi saba mwanzo wa mistari kama ulivyo, kisha:

```
cobc -x -debug riba.cob
./riba
```

Baada ya hapo andika programu inayotengeneza faili la wateja kumi. Rekodi iwe na namba ya mteja PIC 9(6), jina PIC X(29), na salio PIC S9(7)V99 COMP-3. Hiyo ni 6 na 29 na 5, baiti 40. Tangaza ORGANIZATION IS SEQUENTIAL. Endesha, kisha `ls -l`: faili lazima liwe na baiti 400 kamili. Ukiona 410, umeandika LINE SEQUENTIAL na kila rekodi imeongezewa alama ya mstari mpya. Lifungue kwa `xxd`, amri inayoonyesha baiti za faili, na uyatafute masalio kwa macho mpaka uyasome bila kufikiri.

Kisha liharibu makusudi. Kwa mteja wa tano fanya MOVE SPACES kwenye rekodi nzima, jaza namba na jina, acha salio. Kwenye xxd utaona 20 20 20 20 20, si 40, kwa kuwa sasa uko kwenye ASCII. Andika programu ya pili inayojumlisha masalio yote. Ukiikompaili kwa -debug itasimama kwa mteja wa tano na kukutajia uga wenye shida. Sasa lisome faili hilo hilo kwa Python ukitumia fungua(), kwanza na ukaguzi wa alama (ukiikamata ValueError na kumruka mteja huyo), halafu bila huo, na ulinganishe majumlisho mawili. Tofauti ikizidi 2,020,202.02 au ikipungua, kuna baiti umeihesabu vibaya mahali fulani.